Bati Moja, Vyumba Sita

Najua kwamba jirani yangu wa kushoto alinunua kitenge cha shilingi 25,000 akamwambia mumewe ni 12,000. Najua mwalimu wa chumba cha nyuma anadaiwa na vikoba viwili, na hakuna kikoba kinachojua habari za mwenzake. Najua kijana wa bodaboda ana wachumba wawili wenye jina moja, jambo ambalo limempunguzia sana hatari za ulimi. Haya yote sikumuuliza mtu. Sikutega sikio mlangoni wala sikutuma mtoto akachunguze. Nilikuwa nimelala chali, blanketi hadi kidevuni, maana Newala ikifika Juni na Julai si mahali pa kulala na shuka, natafuta usingizi wangu halali, na habari zikanifuata kitandani zikipita juu ya ukuta.

Juu ya ukuta, nasema. Ukuta wenyewe sina ugomvi nao. Ni wa tofali za saruji, umepigwa plasta, na mtu akiugonga kwa ngumi anaumia yeye. Tatizo ni kwamba unaishia njiani. Nyumba ninayopanga ni ile mnayoijua nyote: vyumba sita, vitatu huku na vitatu huku, korido katikati, uani kuna choo, bafu na banda la jiko. Sakafu imepakwa rangi nyekundu, bati ni la msauzi, mlango wa mbele una nakshi. Dalali aliponileta nilisifu. Ila dalali huleta watu saa nne asubuhi, wapangaji wote wakiwa makazini, nyumba kimya kama imefiwa. Na mpangaji akifika huangalia chini, kama sakafu imepasuka. Huangalia dirisha, kama lina nondo. Huuliza maji na luku. Juu haangalii.

Huko juu ndiko kuna mambo. Kuta za nje zimepanda hadi kwenye bati, lakini za ndani, zile zinazonitenganisha na binadamu wenzangu, zimefika kwenye lenta zikaona inatosha. Kutoka lenta hadi bati kuna kenchi, buibui na uwazi ambao paka wa mwenye nyumba anautumia kama barabara kuu. Siling bodi hakuna. Usiku jirani akiwasha taa, na mimi napata mwanga. Akikaanga dagaa, na mimi nimekula. Akisema neno, tumesema wote.

Nilikwenda kwa mwenye nyumba, tena kwa adabu zote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kodi umeleta?"

"Kodi nililipa ya miezi sita, mzee. Nimekuja kwa habari ya ule uwazi wa juu."

"Ah, ule! Ule ni wa hewa."

Hewa! Newala iko ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde. Ukisimama pale Shimo la Mungu, chini yako ardhi imeporomoka, bonde limekwenda hadi Ruvuma na ng'ambo yake ni Msumbiji, na upepo unakuja bila kupiga hodi. Sisi tuna hewa hadi ya kuuza. Mtu wa Newala akitaka hewa, anafungua dirisha na kuishika kofia yake.

Nijitambulishe kabla hamjaniona mtu wa kulalama tu. Kwetu ni Masasi, kule chini kwenye majabali na joto. Huku juu nimeletwa na kazi. Ni karani wa mizani katika chama cha msingi. Msimu wa korosho ukifunguka, Oktoba hadi huko Januari, nasimama tangu asubuhi napima magunia, naandika kilo, naandika jina, nakata stakabadhi. Kazi hiyo inataka kichwa kilicholala. Ukimwongezea mkulima sifuri moja, chama kinakutafuta. Ukimpunguzia sifuri moja, mkulima atakutafuta yeye, na atafika hadi kwenu Masasi. Sasa ole wangu: msimu ninaohitaji usingizi kuliko wakati wowote ndio huohuo wenye kelele kuliko wakati wowote, na vyote viwili vinaletwa na korosho ileile.

Hili ningependa wachumi walichunguze. Bei ya korosho ikipanda, sauti ya mtaa inapanda. Oktoba 2024, minada ya TANECU, chama kikuu cha ushirika cha huku, ilipofunguliwa, bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Wakulima walishangilia, nami nilishangilia nao kwenye mizani. Kisha pesa zikaingia benki, foleni ikazunguka jengo, na jioni yake bodaboda zikaanza kupita mtaani kwetu, kila moja imebeba boksi refu. Nililiangalia lile boksi la kwanza nikajua Desemba yangu imekwisha. Ndani yake kuna sabufa. Kinyume chake, msimu wa 2018, serikali ilipoamua kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 na jeshi likaja na malori kuibeba, malipo ya wengi yalichelewa kwa ajili ya uhakiki. Ulikuwa mwaka mgumu, watoto walirudishwa nyumbani kutoka shule kwa ajili ya michango, maduka yalikaa bila wateja. Siufurahii hata kidogo. Nasema tu kwamba nililala.

Kijana wa bodaboda wa chumba cha mbele ana sabufa yenye taa za bluu zinazowaka kwa mapigo. Taa naziona mimi pia, kwenye bati, kwa hisani ya uwazi wa hewa. Anapiga singeli. Singeli ni muziki wa watu wenye haraka, na yeye hana haraka yoyote. Amekaa kitandani anakula muwa. Nikamwambia, "Njomba, punguza kidogo." Akapunguza. Alichopunguza ni sauti ya mwimbaji. Besi aliiacha palepale, kwa hiyo nikawa sisikii maneno wala sijui wimbo unahusu nini, nasikia tu kitu kikinigonga mbavuni kutoka ndani ya godoro. Nilipomrudia akanishangaa kwa moyo mweupe kabisa. "Njomba, mziki bila besi ni taarifa ya habari."

Nimesoma kidogo kuhusu hii besi, maana adui lazima umjue. Sauti nyembamba, kama ya mtoto au ya mluzi, hukatizwa kirahisi na ukuta, mlango, hata pazia zito kidogo. Besi ina tabia nyingine. Mtetemo wa mara 50 kwa sekunde una wimbi la karibu mita 7, na chumba changu kutoka dirishani hadi mlangoni hakifiki mita 4. Yaani wimbi moja la singeli ni kubwa kuliko chumba ninacholipia kodi. Halitoshi kwangu, linaanzia kwa kijana, linapita kwangu na kumalizikia kwa mwalimu. Linakwenda pia chini, kwenye sakafu, ndiyo maana kikombe changu cha chai kikiwekwa pembeni ya meza saa mbili usiku, saa tatu hukutwa kimehama.

Wa pili ni bwana wa filamu. Huyu si mkorofi. Ni mlinzi wa zamu, usiku mmoja yuko kazini na mwingine yuko nyumbani anatazama zile filamu za Kikorea zilizotiwa Kiswahili, ambamo mtu mmoja anasema maneno ya mfalme, ya malkia, ya farasi na maoni yake binafsi juu ya wote watatu. Nimemaliza tamthilia nzima bila kuona sura ya mtu. Kuna jenerali mmoja nilimchukia sana, na hadi leo sijui anafananaje. Ubaya ni kwamba mlinzi hulala katikati. Mimi nabaki macho, jenerali amemteka binti wa watu, na hakuna wa kubofya sehemu inayofuata.

Wa tatu ni mama wa vitumbua, na hapa nawaomba mniruhusu kunyamaza kidogo. Saa kumi za alfajiri anatwanga mchele kwenye kinu uani, kwa sababu mashine ya kusaga haifunguliwi saa hiyo na wateja wake wanataka vitumbua kabla ya kwenda shamba. Tungu, tungu, tungu. Nilithubutu siku moja kumgusia.

"Mama mkubwa, samahani, hicho kinu hakiwezi kusogezwa kule nyuma ya choo?"

Akaacha mchi. "Mwanangu, jana ulikula vitumbua vingapi?"

Nilikula vinne. Tukaachana kwa amani.

Msidhani nachukia kelele zote. Za ibada simo. Mwenye nyumba za ibada ana mpangilio wake, na vijana wanaopita na madebe kuamsha watu daku mwezi wa Ramadhani wananisaidia hata mimi ninayesahau saa. Za msiba hazina mjadala. Na unyago, ambao huku kwetu ukifika wakati wa likizo za shule ngoma hulia hadi asubuhi, watoto wanatoka, mapiko yanacheza na sura zao za mti, vumbi linafika kiunoni, unyago huo nimeukubali tangu mwaka wa kwanza. Sababu ni kwamba unatangazwa. Wiki mbili kabla mtaa mzima unajua, mtendaji ametoa kibali, chakula kimepikwa na mimi nimealikwa. Tena una mwisho: watoto wakitoka, ngoma zinarudi kwa wenyewe. Sabufa haina kibali, haina mwaliko, haina pilau, na mwisho wake ni umeme kukatika.

Na mvua! Mvua ikipiga bati letu lisilo na siling bodi, hakuna kinachosikika, si singeli wala jenerali. Ni kelele kubwa kuliko zote, na ndiyo ninayolala nayo vizuri kuliko zote, kwa sababu hakuna mtu wa kumnunia. Ila na yenyewe Newala haiji bure. Uwanda huu hauna mto; tangu miaka ya 1950, enzi za mkoloni, maji ya bomba husukumwa na pampu kutoka bondeni yapande huku juu, na hayafiki kila siku wala kila nyumba. Kwa hiyo mvua ya usiku ikianza tu, nyumba nzima inaamka kukinga. Ndoo, sufuria, beseni, madumu, dada anaitwa, mtoto anagombezwa, bati la mfereji limechomoka. Nami nakinga. Usingizi wa mvua unaanza ndoo zote zikishajaa.

Wazee wa hapa waliwahi kunieleza jambo ambalo limenisaidia kuelewa, ingawa halijanisaidia kulala. Zamani, walisema, Wamakonde hawakuishi kwa kubanana hivi. Walikaa kwenye vitongoji vidogo vilivyotawanyika, vimejificha ndani ya vichaka vizito vya uwanda huu, na vichaka hivyo ndivyo vilivyowakinga na wavamizi wa Kingoni na wawinda watumwa. Jirani alikuwa mbali. Ukitaka ajue kuna msiba au kuna sherehe, unapiga ngoma, na ngoma inabidi ifike. Fundi wa ngoma aliyesifiwa ni yule ambaye ngoma yake ilisikika kitongoji cha pili. Nyumba nazo zilikuwa za miti na udongo, paa la nyasi, vitu vinavyomeza sauti badala ya kuirudisha. Ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, watu wakasogezwa pamoja kandokando ya barabara. Likaja bati. Ikaja nyumba ya vyumba sita. Koo zetu na mikono yetu hazikupewa taarifa. Bado tunasalimiana kana kwamba katikati yetu kuna bonde, bado tunapiga muziki ufike kitongoji cha pili, na kitongoji cha pili siku hizi ni mimi, niko hatua mbili nyuma ya ukuta usiofika juu.

Hata wageni walijua huku kuna sauti. Mwaka 1906 Mjerumani mmoja, Karl Weule, mtu wa makumbusho ya Leipzig, alizunguka Masasi na Newala akiwa na fonografu ya mitungi ya nta, akarekodi nyimbo na ngoma za watu wa huku, akapakia mitungi yake akaenda nayo Ujerumani. Namwonea wivu sana. Yeye kelele ya Newala aliisikiliza alipotaka, na alipochoka akanyanyua sindano.

Sasa mtasema, si kuna sheria? Ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazihesabu kelele kuwa uchafuzi, na mwaka 2015 zikatolewa kanuni mahsusi za kudhibiti kelele pamoja na mitetemo. Nilipoona neno mitetemo nilikikumbuka kikombe changu, nikajisikia raia. Mwaka 2023 baraza la mazingira, NEMC, lilizifungia baa na kumbi za starehe kadhaa Dar es Salaam kwa ajili hiyo. Shirika la Afya Duniani nalo lilipendekeza tangu mwaka 1999 kwamba ndani ya chumba cha kulala sauti isizidi desibeli 30. Mpwa wangu alikuja kunitembelea na simu yenye programu ya kupima. Usiku wa manane, sabufa imezimwa, filamu imezimwa, wote wamelala, ikasoma zaidi ya 30. Tulipochunguza tukakuta ni mkoromo wa mwalimu.

Lakini NEMC hawatapanda uwanda kuja kusuluhisha vyumba viwili vyenye bati moja, na nisingependa wapande. Huyu kijana ndiye anayenipeleka mizanini asubuhi kwa bodaboda yake, kwa mkopo. Ukimshitaki mtu serikalini, kesho utatembea kwa miguu. Mambo ya nyumba ya kupanga yana ngazi zake, nami nilizipanda kwa utaratibu.

Ngazi ya kwanza ni mjumbe. Nilifika kwake jioni nikamkuta uani anafuta vumbi kwenye spika ndefu kuliko mimi. Kumbe ndiye anayekodisha muziki wa harusi na maulidi mtaa mzima. Alinisikiliza kwa makini, akanipa kadi ya namba yake ya simu, akaniambia nikipata shughuli nisimsahau.

Mwenyekiti wa mtaa aliniambia neno la busara zaidi. Akasema, "Karani, wewe ni mgeni. Huyu kijana mimi simwezi, baba yake hamwezi. Mtafute mjomba wake." Na kweli, huku Wamakonde, Wamakua na Wayao wote ukoo wao unafuata upande wa mama. Baba anapendwa, anaheshimiwa, lakini kauli iko kwa mjomba. Nikamtafuta mjomba hadi upande wa Kitangari, nikiwa na sukari kilo mbili. Mzee alisikitika sana. Akasema atakuja mwenyewe asikilize, kisha atatoa hukumu. Akaja Ijumaa. Kijana akampokea kwa heshima, akamkalisha kitandani, akamwekea nyimbo za dansi za zamani. Mzee aliondoka Jumatatu. Usiku wa Jumamosi nilimsikia kwa masikio yangu, juu ya ukuta, akisema, "Njomba, ongeza kidogo hapo kwenye gitaa."

Basi nikageukia ufundi. Nawaambieni haya ili msipoteze pesa zenu. Kila mtu aliniambia nibandike trei za mayai ukutani, kama studio. Nilikusanya trei mtaa mzima. Trei za mayai hupunguza mwangwi ndani ya chumba chako. Sauti ya jirani hazizuii hata chembe, kwa sababu sauti huzuiwa na uzito, na trei ukiipuliza inaruka. Nikatundika magunia ya korosho kwenye ule uwazi wa juu. Magunia yalipunguza maneno kidogo, hata habari za vikoba zikawa zinanifikia nusunusu, jambo baya zaidi, maana sasa nilikuwa nakesha nikijaribu kuunganisha. Besi iliyapita magunia bila kusimama.

Kilichosaidia kilitoka kwenye luku. Nyumba yetu ina luku moja, vyumba sita, kila chumba kinachanga sawa. Mwezi wa Desemba uniti ziliisha katikati ya wiki, mama wa vitumbua akaitisha kikao uani. Hapo ndipo niliposimama nikasema neno ambalo nilikuwa nimelitunza muda mrefu: kelele ninayolalamikia nimeichangia mimi mwenyewe. Nalipa umeme wa sabufa ili isinilaze. Kikao kilinyamaza. Mwalimu akasema hata yeye. Mlinzi akaunga mkono, kisha akakumbuka televisheni yake akakaa. Kijana akajitetea kwamba mimi nakoroma na mkoromo hautumii uniti, ndiyo maana haujadiliwi. Nilikanusha. Mtu hawezi kuhukumiwa kwa kosa lililotendeka akiwa hayupo.

Mama mkubwa akakata shauri. Mwenye sabufa achange mara mbili, au izimwe saa nne usiku. Kijana alipiga hesabu ya mafuta ya pikipiki, akachagua saa nne. Mlinzi akaambiwa anunue spika za masikioni, akanunua, ingawa sasa anacheka peke yake usiku wa manane na hatujui anacheka nini. Kinu kikaachwa palepale, hakuna aliyethubutu. Na mimi nikaomba jambo moja dogo, ambalo nililisoma nikaona halina gharama: sabufa itolewe kwenye pembe ya chumba, maana pembe huikuza besi, na iwekwe juu ya kipande cha godoro kuukuu badala ya kukaa moja kwa moja kwenye sakafu. Kijana alibisha, akasema sabufa italala usingizi. Tulijaribu. Kikombe changu hakihami tena.

Maneno bado yanapita. Jana nimejua kwamba kitenge kingine kimenunuliwa. Hili halitibiwi na kikao, wala mjomba, wala baraza lolote. Linatibiwa na fundi mwashi, tofali na siku mbili tatu za kazi. Nimemuuliza fundi, akapanda ngazi akapima: kozi nne za tofali kutoka lenta, pembeni zipande kufuata kenchi, plasta pande zote mbili, basi. Nikarudi kwa mwenye nyumba. Akasema kama nataka nijenge, nijenge, ila hatakata kwenye kodi.

Dada yangu yuko Dar es Salaam, anaishi ghorofani, aliposikia haya akanicheka. Kwao dari ni zege. Dar siku hizi watu wanaishi juu kwa juu, Magomeni Kota peke yake kaya 644 zimepata nyumba za ghorofa tangu 2022, na tangu mwaka 2008 kuna sheria ya umiliki wa sehemu za majengo inayotaka wenye nyumba wawe na chama chao na kanuni zao. Nikamuuliza dada, kanuni zenu zinasemaje? Akasema hajazisoma, ila jirani wa juu yake ana kinu. Nikamwambia amuulize kwanza kama anauza vitumbua.

Wenye nyumba wa Newala, na wa Masasi, na popote mnapopangisha vyumba: korosho mmeuza, bei mmeiona. Hizo kozi nne zimalizieni. Hewa tunayo ya kutosha, asanteni.

Na wewe unayetafuta chumba, usimfuate dalali asubuhi. Nenda saa tatu usiku, wapangaji wote wakiwa ndani. Usiangalie sakafu. Inua macho kwanza. Ukiona mwanga wa taa ya jirani umelala kwenye bati lako, rudisha pesa mfukoni, aga kwa adabu, uendelee kutafuta.